Boksi la Mafua na Boksi la Sainasi: Mara Nyingi Ni Dawa Ileile

Upande wa mbele wa boksi la dawa ya mafua huandikwa na watu wa mauzo. Upande wa nyuma huandikwa kwa kubanwa na sheria. Ndiyo maana mbele utakuta maneno makubwa, "mafua makali", "sainasi", "mchana", "usiku", "nguvu zaidi", na nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, majina matatu au manne yanayojirudia boksi hadi boksi. Dawa za mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari ni nyingi kwa majina ya biashara, lakini viambato hai vinavyotumika sana, yaani dawa yenyewe inayofanya kazi mwilini, ni kama dazeni moja tu. Anayevijua hivyo vichache hababaishwi na rangi ya boksi. Lililo kubwa zaidi, hamezi dawa moja mara mbili bila kujua.

Hakuna hata kimoja kinachoponya mafua. Mafua huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na mwili huvimaliza wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa hizi hupunguza dalili tu, nazo dalili ziko katika makundi manne: maumivu na homa; pua iliyoziba; kamasi jepesi na chafya; kikohozi. Kila boksi ni mchanganyiko wa dawa za makundi mawili, matatu au yote manne.

Chukua maboksi matatu ya mfano, yenye vipimo vinavyopatikana sana. La kwanza limeandikwa "mafua, mchana": kila kidonge kina parasetamoli (ya maumivu na homa) miligramu 325, dekstrometofani (ya kikohozi) miligramu 10 na fenilefrini (ya kuzibua pua) miligramu 5. La pili, "sainasi na kichwa": parasetamoli 325, fenilefrini 5. La tatu, "mafua, usiku": parasetamoli 325, dekstrometofani 15 na doksilamini (ya mzio) 6.25. Ukiyapanga hivyo siri inaisha. Boksi la sainasi ni lile la mchana lililotolewa dawa ya kikohozi. Hakuna kitu ndani yake kinachokwenda kwenye sainasi (mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso) peke yake na kuacha sehemu nyingine za mwili. Boksi la usiku limetolewa dawa ya kuzibua pua, ambayo huweza kukesheza mtu, na kuwekewa dawa ya mzio inayolaza. Yote matatu yana parasetamoli, na kwa kuwa dozi ni vidonge viwili, kila dozi ya boksi lolote ina miligramu 650.

Majina yanayojificha

Makala hii inaandika majina ya dawa kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye boksi mara nyingi utayakuta bila irabu ya mwisho au yakiishia kwa e, sauti ya f ikiandikwa ph, na sauti ya k ikiandikwa c au ch. Linganisha silabi za mwanzo na utalipata.

Tatizo kubwa la majina ni parasetamoli. Marekani dawa hiyohiyo huitwa asetaminofeni, na pengine kwenye karatasi za dawa hufupishwa kuwa APAP. Si dawa ndugu wala dawa inayofanana: ni molekuli moja, iliyopewa majina mawili kwa kukatwa kutoka sehemu tofauti za jina lake refu la kikemia. Aliyeletewa boksi na ndugu anayeishi ng'ambo, akalitumia pamoja na vidonge vya nyumbani, anaweza kuamini ana dawa mbili tofauti mkononi.

Kisha kuna mazoea yetu ya kuziita dawa kwa jina la biashara. Mtu husema "nimekunywa panadol" hata kama alichokunywa kimetoka kiwanda kingine, na jina hilo linapogeuka kuwa jina la kidonge cha kichwa kwa ujumla, parasetamoli iliyomo kwenye dawa ya mafua haihesabiwi tena, maana "hiyo si panadol, ni ya mafua". Vivyo hivyo piritoni: ndani yake mna klofeniramini, dawa ya mzio, na klofeniramini hiyohiyo imejaa kwenye vidonge vya mafua na sirapu za kikohozi.

Neno linalofuata jina la dawa, mfano hidrokloridi, maleati au salfeti, ni aina ya chumvi ambayo dawa imefungwa nayo ili iyeyuke vizuri na isiharibike. Halibadilishi dawa, ila hubadilisha uzito. Mfano ni dawa ya mzio iitwayo difenhidramini: difenhidramini sitreti miligramu 38 ni sawa na difenhidramini hidrokloridi miligramu 25. Fenilefrini hidrokloridi miligramu 12.2 inabeba fenilefrini miligramu 10. Kwa hiyo usione namba kubwa ukadhani umepata dawa kali zaidi kabla hujatazama chumvi yake.

Mtego mwingine ni kampuni kubakiza jina na kubadilisha dawa. Sudafed, dawa ya kuzibua pua, ilijulikana kwa kiambato cha pseudoefedrini. Likaja toleo linaloitwa Sudafed PE, ambalo kiambato chake ni fenilefrini. Boksi ni la familia ileile, rangi zinafanana, na herufi mbili ndogo ndizo pekee zinazokuonya kwamba umenunua kitu kingine kabisa. Tofauti hiyo, kama tutakavyoona, si ndogo.

Kusoma na kuhesabu

Geuza boksi. Tafuta orodha ya viambato hai, kisha tazama kipimo kimeandikwa kwa kila nini: kidonge kimoja, kapsuli moja, pakiti moja ya unga, au mililita kadhaa za dawa ya maji. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Boksi moja linaandika kwa kidonge kimoja huku dozi ikiwa vidonge viwili. Jingine ni unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, na pakiti moja ndiyo dozi nzima, pengine yenye parasetamoli miligramu 1,000. Zidisha kipimo kwa idadi ya vidonge, kisha zidisha kwa mara utakazokunywa kwa siku. Usilinganishe maboksi mawili kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Kwa mtu mzima, parasetamoli ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, na jumla isizidi miligramu 4,000 ndani ya saa 24, kutoka vyanzo vyote. Wafamasia wengi wanapenda kusimama kwenye 3,000 kwa mtu mwembamba sana, mnywaji wa pombe au mwenye ini lenye matatizo, na tunakubaliana nao.

Sasa tazama jinsi mtu makini kabisa anavyovuka mpaka. Mchana anakunywa vidonge viwili vya boksi la mchana mara nne: 650 mara 4, ni 2,600. Usiku anameza dozi moja ya boksi la usiku: 650. Jumla 3,250, bado yuko salama. Lakini kichwa kinamgonga, basi asubuhi na jioni anaongeza vidonge viwili vya kawaida vya miligramu 500: nyongeza ya 2,000. Siku inaisha akiwa na miligramu 5,250. Hakukiuka maelekezo ya dozi ya boksi hata moja. Amekiuka ya maboksi yote kwa pamoja, na hakuna boksi linalomjua mwenzake.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ini huvunja sehemu kubwa ya parasetamoli kwa njia isiyo na madhara, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Sumu hiyo huzimwa na kemikali iitwayo glutathioni, ambayo ini huiweka akiba. Dozi ikizidi, akiba huisha, na sumu huanza kula seli za ini lenyewe. Mtu aliyelala na mafua siku tatu bila kula vizuri ana akiba pungufu tayari, na ndiye huyohuyo anayemeza dawa kutoka maboksi matatu. Ubaya wake ni ukimya: siku ya kwanza huweza kuwa na kichefuchefu tu, au isiwe na kitu, ilhali ini linaendelea kuharibika. Dawa ya kuizima sumu hiyo, asetilisisteini, ipo hospitali, nayo hufanya kazi vizuri kabisa ikitolewa ndani ya saa 8 tangu dozi ilipomezwa. Aliyezidisha asisubiri kuumwa. Aende na boksi mkononi.

Ibuprofeni ni familia nyingine, kwa hiyo inaweza kutumika siku moja na parasetamoli. Bila usimamizi wa daktari ni miligramu 200 hadi 400 kwa dozi, jumla isizidi 1,200 kwa siku, na inywewe na chakula. Lakini haiwekwi pamoja na aspirini ya maumivu wala naproksini. Majina ni tofauti, kazi ni moja, na tumbo na figo ndivyo hulipa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochokozwa na aspirini aiache, na mjamzito asiitumie tangu wiki ya 20 bila kuambiwa na daktari.

Kanuni hiyo ya "jina tofauti, kazi moja" inahitaji kukaa kichwani wakati wote wa kulinganisha. Kutafuta jina lililojirudia hakutoshi. Klofeniramini ya kidonge cha mafua na difenhidramini ya kidonge cha usingizi hazifanani kwa jina hata kidogo, lakini ukizinywa pamoja umezidisha dawa ya kundi moja, la mzio.

Pua iliyoziba: hapa ndipo fedha hupotea

Watu hudhani pua imeziba kwa sababu imejaa kamasi. Penga utakavyopenga, bado haifunguki, kwa kuwa kinachoziba hasa ni utando wa ndani ya pua uliovimba baada ya mishipa yake midogo ya damu kutanuka. Sainasi nazo ni mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso, yakiwa na vitundu vyembamba vya kumwagia majimaji puani. Utando ukivimba, vitundu hufungwa, majimaji hubaki ndani, na uso huanza kuwa mzito chini ya macho na kwenye paji. Dawa za kuzibua pua hufanya jambo moja: hubana hiyo mishipa.

Kwa vidonge ziko mbili. Pseudoefedrini inafanya kazi kweli. Mtu mzima hutumia miligramu 60 kila saa 4 hadi 6, isizidi 240 kwa siku, na zipo pia za kutoa dawa polepole: 120 kwa saa 12, au 240 kwa saa 24. Hizo za polepole usizivunje wala kuzitafuna, maana dawa ya siku nzima itaingia kwa mkupuo. Shida ya pseudoefedrini ni kwamba inaweza kutumika kutengenezea dawa ya kulevya ya methamfetamini. Marekani ilikamilisha sheria mwaka 2006 iliyoiondoa kwenye rafu za wazi na kuipeleka nyuma ya kaunta, mnunuzi akionyesha kitambulisho, na kikomo kikiwa gramu 3.6 kwa siku na gramu 9 kwa siku 30. Nchi nyingine zina masharti yao, baadhi zikitaka cheti cha daktari.

Watengenezaji waliotaka kubaki kwenye rafu za wazi wakakimbilia fenilefrini, miligramu 10 kila saa 4. Tatizo ni kwamba fenilefrini ikimezwa, ukuta wa utumbo na ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye damu. Uchunguzi wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ulikuta kwamba inayopita ikiwa hai haifiki hata asilimia 1. Majaribio kwa wenye mzio wa msimu yalipandisha dozi hadi miligramu 40, mara nne ya kawaida, na bado haikuishinda dawa ya bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Mwezi Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA lilipiga kura, 16 kwa 0, kwamba fenilefrini ya kumeza kwa dozi zinazouzwa haizibui pua. Novemba 2024 FDA ikapendekeza rasmi iondolewe kwenye orodha ya viambato vinavyoruhusiwa kwa kazi hiyo. Haikusema ni hatari. Ilisema haisaidii.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi: lile boksi la "sainasi na kichwa" la mfano wetu, lenye parasetamoli na fenilefrini, kwa vitendo ni parasetamoli iliyovikwa nguo za sikukuu. Kama nafuu ilikuja baada ya kulitumia, kichwa na uso vilitulizwa na parasetamoli. Parasetamoli ya kawaida ingefanya hivyohivyo. Uamuzi huo wa jopo, hata hivyo, haugusi fenilefrini ya kupuliza puani, kwa sababu hiyo haipiti tumboni.

Pseudoefedrini nayo si ya kila mtu. Hubana mishipa mwili mzima, hivyo hupandisha shinikizo la damu na kuharakisha moyo. Mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au ugonjwa mkali wa figo asiiguse. Na anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI ni marufuku kabisa, hata wiki mbili baada ya kuziacha. Huzuia mkojo kwa mwenye tezi dume iliyovimba. Hukesheza, kwa hiyo dozi ya mwisho iwe alasiri. Mwanamichezo anayepimwa ajue kuwa siku ya mashindano mkojo wenye zaidi ya mikrogramu 150 kwa mililita huhesabiwa kosa.

Dawa za kupuliza, oksimetazolini ya asilimia 0.05 na zailometazolini ya asilimia 0.1 kwa wakubwa, hufungua pua ndani ya dakika chache, na oksimetazolini hudumu hadi saa 12. Kiasi kidogo sana huingia kwenye damu ukilinganisha na kidonge, ingawa mwenye presha au moyo bado amuulize mfamasia kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza ncha upande wa sikio la upande huohuo, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, kisha vuta pumzi taratibu. Ukiivuta kwa nguvu inaishia kooni na utaionja uchungu.

Mwiko wake ni muda. Siku tatu, maelekezo mengine huruhusu hadi tano au saba, lakini tatu ndiyo salama. Ukiendelea, mishipa huzoea kubanwa, na dawa inapoisha nguvu hutanuka kupita mwanzo. Pua huziba zaidi, mtu hupuliza zaidi, na wapo wanaofikisha miezi na kichupa mfukoni wakiamini wana mafua yasiyokwisha. Mafua yaliondoka zamani. Kilichobaki ni dawa. Njia mojawapo ya kutoka ni kuacha kupuliza tundu moja kwanza, ukapumulia lingine, hadi lile la kwanza litulie baada ya siku kadhaa, kisha kuacha la pili. Daktari anaweza kuongeza dawa ya puani ya steroidi, inayopunguza uvimbe, kuvusha kipindi hicho. Hapa pia angalia majina: vichupa viwili vya kampuni tofauti vyenye oksimetazolini ni kitu kimoja, na kuhama kimoja kwenda kingine siku ya nne si kupumzika.

Dawa za mzio ndani ya boksi la mafua

Klofeniramini (kwa kawaida miligramu 4 kila saa 4 hadi 6, isizidi 24 kwa siku), difenhidramini na doksilamini ni dawa za mzio za kizazi cha zamani. Katika mafua hazitumiki kwa sababu kuna mzio. Hutumika kwa sababu zina tabia ya kukausha: hupunguza kamasi jepesi na chafya kiasi, hasa siku za mwanzo. Setirizini na loratadini, za kizazi kipya, hazikaushi hivyo na wala hazilazi sana. Ni nzuri kwa aleji, kwa mafua ya virusi ni karibu bure. Ukiona loratadini yenye herufi D mwishoni mwa jina, D hiyo kwa kawaida humaanisha imeongezwa pseudoefedrini, na maonyo yote ya hapo juu yanarudi.

Kukausha huko kuna gharama. Mdomo hukauka, choo kinakuwa kigumu, macho huona ukungu, na kamasi lililokuwa linatiririka linageuka gundi, jambo ambalo mwenye sainasi zilizojaa halihitaji. Wazee huchanganyikiwa na kuanguka. Mwenye tezi dume iliyovimba, au glakoma ya pembe nyembamba (ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho), anaweza kujikuta kwenye dharura. Na usingizi wake haupimwi kwa hisia: asubuhi mtu anaona yuko macho, huku mikono yake ikiwa nyuma ya akili kwenye usukani. Pombe huzidisha yote hayo, na baadhi ya dawa za maji za usiku zina pombe ndani yake.

Kikohozi

Dekstrometofani hutuliza hamu ya kukohoa, miligramu 10 hadi 20 kila saa 4, isizidi 120 kwa siku. Guaifenesini inakusudiwa kulainisha kohozi ili litoke, miligramu 200 hadi 400 kila saa 4, isizidi 2,400. Ushahidi wa zote mbili kwenye kikohozi cha mafua si wa kujivunia. Maboksi mengi huziweka pamoja, moja ikizuia kikohozi na nyingine ikikitaka kifanye kazi. Kama ni lazima, chagua moja kulingana na kikohozi ulichonacho. Anayetumia dawa za sonona asimeze dekstrometofani bila kuuliza, kwa kuwa pamoja zinaweza kurundika mwilini serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, na dalili zake ni hizi: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa.

Watoto

Uingereza dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi hazipewi mtoto chini ya miaka 6. Lebo za Marekani zinasema chini ya miaka 4. Tunashauri kushika 6. Mtoto ana homa au maumivu? Parasetamoli peke yake, au ibuprofeni peke yake, kwa uzito. Aspirini hapewi mtu wa chini ya miaka 16, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka mmoja hutulizwa vizuri tu na kijiko cha chai cha asali. Chini ya mwaka, asali ni mwiko, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa kupoozesha misuli.

Sirapu ya parasetamoli ndiyo yenye ajali nyingi za hesabu, kwa sababu ina nguvu tofauti chupa kwa chupa: miligramu 120 kwa mililita 5, 160 kwa 5, na hata 250 kwa 5. Mtoto wa kilo 12, kwa miligramu 15 kwa kilo, anahitaji 180. Kwenye chupa ya 120 hiyo ni mililita 7.5. Kwenye chupa ya 250 ni mililita 3.6. Mzazi aliyezoea "saba na nusu" akabadilisha chupa bila kusoma, amempa 375, zaidi ya mara mbili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa hiyo. Vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja.

Sainasi zenyewe

Sainasi zinazouma wakati wa mafua karibu kila mara zimevimba kwa virusi, na antibayotiki hazifanyi lolote. Mambo hubadilika dalili zikipita siku 10 bila nafuu, au ulipopata nafuu ghafla zikarudi kali zaidi, au ukianza na homa kali ya nyuzi 39 pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Hapo nenda kwa daktari. Jicho likivimba, ukaona vitu viwiliviwili, au shingo ikakakamaa, nenda siku hiyohiyo.

Kabla ya hapo, kitu chenye manufaa kuliko boksi lolote la sainasi ni maji ya chumvi ya kusafishia pua. Changanya vijiko vitatu vya chai vya chumvi isiyo na madini joto na kijiko kimoja cha magadi ya kuokea, hifadhi pakavu. Kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko huo kwenye mililita 240 za maji ya uvuguvugu. Maji yawe yamechemka kwa dakika nzima na kupoa, au dakika tatu ukiwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kuwa salama kunywa na yasiwe salama puani: ameba wa Naegleria fowleri hupita njia ya pua hadi kwenye ubongo. Yakichoma, chumvi imezidi au imepungua.

Ukirudi dukani

Taja dalili inayokusumbua kuliko zote, kisha omba kiambato kimoja kinachoitibu. Kichwa na homa: parasetamoli. Pua iliyoziba usiku: oksimetazolini, siku tatu. Mchanganyiko una faida pale tu unapokuwa na dalili zote zilizomo. Vinginevyo unameza dawa za ugonjwa usio nao. Maboksi mawili yakiwa na viambato vilevile, vipimo vilevile na kasi ileile ya kutoa dawa, la bei nafuu ni sawa na la bei ghali. Linganisha bei ya dozi, si ya boksi, maana boksi kubwa mara nyingi limejaa nafasi.

Vidonge vya kuyeyusha majini vina jambo lao. Ili vichemke hutiwa sodiamu, na kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 cha aina hiyo kinaweza kuwa na sodiamu ya karibu miligramu 400. Vidonge nane kwa siku ni zaidi ya miligramu 3,000, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku kutoka kila anachokula. Mwenye presha achukue vya kumeza.

Na boksi usilitupe hadi kidonge cha mwisho. Nyuma ya karatasi ya vidonge mara nyingi limeandikwa jina la biashara tu, na ikishakatwa vipande haibaki hata hilo. Andika kwa kalamu juu ya boksi saa ya kila dozi na jumla ya parasetamoli ya siku. Usiku wa manane, ukiwa na homa, hutakumbuka kama ulimeza saa mbili au saa nne.